Jicho la Kushoto la Seol-a

Udongo uwahi ungali maji, walituusia wahenga. Ukishakauka, hata uumwagie mtungi mzima, hutafinyanga chungu. Mi-ran aliijua kweli hiyo kuliko wengi, na ndiyo maana kisa chake kinauma.

Katika maabara moja mjini Daejeon, Mi-ran alichunguza ubongo wa panya wachanga. Panya akizibwa jicho akiwa mdogo, ubongo wake hulisahau jicho hilo. Mi-ran alipima kimeng'enya kinacholegeza nyuzi zilizozizunguka seli za ubongo, ili seli ziungane na kujifunza kuona. Utoto ukipita, kimeng'enya hupoa, nyuzi zikakaza; naye alikuwa akijaribu dawa ya kukiamsha tena kwa panya.

Basi alipojifungua Seol-a, na wiki chache baadaye akaona weupe kama wa maziwa katika mboni ya kushoto, alitambua papo hapo. Mtoto wa jicho! Akachukua mbeleko.

"Unampeleka wapi mjukuu wangu?" Mama mkwe wake, Bi Gop-dan, alisimama mlangoni.

"Hospitali, mama. Jicho hili lisipopasuliwa sasa..."

"Siku mia hazijatimia! Kabla ya hapo mtoto hatolewi nje. Kifungua mimba wangu nilimtoa mapema, nikarudi na maiti mgongoni. Leo wewe na panya wako mnifundishe ulezi?"

Mi-ran akamgeukia mumewe, Gyu-sik. Naye akainamisha macho. "Mama Seol-a, vumilia kidogo. Kwani jicho litakimbia?"

Mi-ran akaiweka mbeleko chini. Msomi mzima alinywea, akiogopa kuitwa mkwe mkaidi.

Siku ya mia ikafika. Majirani wakagawiwa keki nyeupe za mchele, mtoto akavishwa pete ya dhahabu. Kesho yake wakaenda hospitali. Upasuaji ulifana, mboni ikang'aa. Lakini miezi ilipita, na kila mara jicho la kulia lilipozibwa ili la kushoto lifanye kazi, Seol-a alilia na kupapasa hewa.

"Si wamelisafisha?" Bi Gop-dan aliuliza. "Mbona halinioni?"

"Jicho ni zima, mama. Ubongo ndio haulijui."

"Basi mpe hiyo dawa ya panya wako!"

"Ya panya ni ya panya, mama. Ya watu haipo."

Bi Gop-dan aliketi sakafuni akajipiga kifua. Mi-ran hakumlaumu, wala hakumbembeleza. Alijua kwamba ajuzi yule hakujua, ilhali yeye mwenyewe alijua, na bado aliiweka mbeleko chini. Udongo uwahi ungali maji.