Mizinga Thelathini ya Nyamizi

Palikuwa na mtu aliyeitwa Mihambo, naye alikuwa na mizinga thelathini ya nyuki, ameitundika huku na huko katika msitu wa miombo. Mizinga hiyo ilimlisha yeye, mkewe Nyamizi na mabinti wao wawili. Kila msimu Mihambo aliondoka alfajiri na kamba begani, akarudi siku ya tatu na ndoo za asali. Nyamizi aliichuja, akayeyusha nta, akauza. Msituni hakuwahi kufika. Mara moja alimwuliza mumewe mizinga iko wapi, naye akacheka, akasema mahali pa mizinga hapatajwi, kwa kuwa maneno yana miguu. Nyamizi hakuuliza tena, ila swali halikumtoka.

Mihambo akaugua. Alipoona hatapona, aliwaita ndugu zake, na mbele yao wote akatamka kwamba mizinga yote, usibaki hata mmoja, ni mali ya mke wake. Watu wakamsifu, maana katika ukoo ule wanaume waliopata kusema hivyo walikuwa wachache. Siku ya nne akafa.

Matanga yalipokwisha, Nyamizi akamwendea shemeji yake Lugembe, mkubwa wa ukoo. Alikwenda amejiandaa kwa ugomvi. Lugembe akamkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mizinga ni yako, shemeji, hakuna anayebisha. Nenda kaichukue."

Nyamizi akarudi nyumbani, asijue hata mzinga mmoja ulipo. Msitu ule ulikuwa wa kutembea siku nzima usiumalize. Na ilikuwa desturi ya warina asali wa huko kwamba mzinga usiotembelewa msimu mzima hauna mwenyewe. Atakayeuona kwanza ni wake. Lugembe alikwisha kuwatuma wanawe wakatafute.

Asubuhi moja alikuwa kisimani akichota maji. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na nyuki walijaa kwenye tope wakinywa. Akawatazama kama mtu anayewaona kwa mara ya kwanza. Wanapotoka hapa, huenda wapi? Aliona kwamba nyuki akishashiba maji hazunguki ovyo. Hupanda juu, akanyoosha njia moja. Kesho yake akaja na kibaba cha unga wa muhogo. Akawanyunyizia wachache migongoni, akaketi, akangoja. Mmoja mwenye mgongo mweupe alikwenda na kurudi kabla jua halijasogea. Wengine walichelewa sana. Nyamizi akajua kwamba yule wa kwanza kwao ni karibu.

Akaifuata njia yake. Hatua mia mbili tu kutoka kisimani akasikia mvumo, akainua macho. Mzinga wa gome ulikuwa juu ya mti mkubwa kando ya njia ya kurudi nyumbani, umefichwa na majani, na ubavuni una alama ya Mihambo, mikato mitatu. Miaka kumi na minane alikuwa akipita chini yake na ndoo kichwani. Nyamizi akaketi chini, akacheka peke yake, kisha kicheko kikageuka kilio.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alitafuta kila dimbwi lililosalia msituni, akanyunyiza unga, akafuata. Alijifunza kupanda kwa kamba. Aliumwa hata uso ukavimba, na mabinti zake wakamsihi aache. Hakuacha, na kusema kweli haikuwa njaa peke yake iliyomsukuma, alitaka kujua. Kila mzinga alioupata alisimama chini yake akijiuliza mume wake alikuwa akiwaza nini alipokuwa akishuka hapa, akarudi nyumbani kula ugali aliopikiwa naye, akanyamaza.

Mvua za kwanza ziliponyesha, nyuki wakaacha kuja madimbwini. Nyamizi alikuwa amepata mizinga kumi na tisa. Mitano iliangukia mikononi mwa wana wa Lugembe, nao waliichukua kwa haki ya desturi. Sita haikuonekana na mtu yeyote, na asali yake ikaliwa na nyegere.

Pale kijijini watu walibishana. Wako waliosema Mihambo alikuwa mume mwema, alimwachia mkewe kila kitu. Wako waliosema hakumwachia kitu. Wakamwuliza mwenyewe, naye alikuwa uani, uso bado umevimba, akiwaonyesha mabinti zake jinsi ya kufunga kamba ya kupandia. Akakaza fundo, akasema, "Alinipa kwa kinywa. Njia alikwenda nayo."

Nawe uliyeandika, au uliyetamka mbele ya ndugu, kwamba vyote ulivyo navyo ni vya mwenzako siku utakapoondoka: je, umekwisha kumpeleka akavione?