Pimbi na Neno Lisilo na Kiungo

Nianze nisianze?
— Anza, tumeketi!
Mmeketi juu ya nini?
— Juu ya makalio, masikio tumeyaacha wazi!

Basi hapo kale jua liliwaka miezi saba. Visima vyote vikakauka, kikabaki kimoja. Fisi akakikalia.

"Kisima changu," akasema. "Atakaye maji aseme neno. Nikilivunja neno lake, namla yeye. Likinishinda, anywe."

Na Fisi huyo alijua kuvunja. Tangu utoto kazi yake mifupa, na mfupa, mnajua wenyewe, huvunjikia kwenye kiungo.

Akaja Swala. "Nina kiu na watoto wangu wanalia."

Fisi akalitazama neno, akaona kiungo pale kwenye "na". Kach! "Una kiu, kweli. Watoto wanalia? Hebu tusikilize." Wakasikiliza. Watoto walikuwa wameacha kulia tangu jana, sauti zimewakauka. "Limevunjika," akasema Fisi. Swala akaliwa.

Akaja Ngiri. "Kisima ni chako au ni cha wote."

Kach! "Changu, kweli. Cha wote, uongo. Limevunjika."

"Lakini kweli moja si inatosha?"

"Inatosha. Ila limevunjika." Ngiri akaliwa.

Pimbi, yule mdogo wa kwenye mawe, aliyaona yote. Mwanawe alikuwa amelala mwambani, ulimi nje, hata nzi hafukuzi. Pimbi aliogopa sana. Akaenda hivyo hivyo.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Sema upesi, nina njaa."

"Kilima Kipara kina mzoga."

Fisi akanusa. Akalitafuna neno kichwani, akalitafuna mkiani. Kwaru, kwaru. Hakuona pa kuvunja.

"Mzoga wa nyati au wa punda?"

"Sikusema 'au', mzee."

"Umenona na una mafuta?"

"Sikusema 'na'."

"Na kama ni uongo?"

"Hiyo 'kama' ni yako, mzee. Langu halina kiungo. Neno la namna hii halivunjwi. Huendewa likatazamwa."

Fisi akameza mate. Akatazama maji, akatazama kilima. Akaona akiinama kunywa, mwingine atauwahi mzoga. Akatoka mbio, tigidi tigidi tigidi!

Wanyama wakanywa. Gugu, gugu, gugu. Mtoto wa Pimbi akanywa, akacheua, akaomba tena. Pimbi akalia kwa furaha, kisha akajifuta, maana watu walikuwa wanatazama.

Huko kilimani Fisi akatafuta mashariki, hapana. Akatafuta magharibi, hapana. Akasema, "Nikirudi kunywa, mwingine atauwahi." Akatafuta siku ya pili. Siku ya tatu, jua la utosi, akajilaza kidogo.

Siku ya nne mjane wa Ngiri akamshika Pimbi sikio. "Mwongo mkubwa wewe! Fisi akirudi atatumaliza sote. Twende ukanioneshe huo mzoga."

Wakapanda. Wakatafuta. Wakamkuta Fisi pale alipojilaza, inzi wamemjaa. Mjane akatazama kwa muda, kisha akaliachia sikio.

"Kina mzoga," akasema.

"Si nilisema?" akajibu Pimbi.

Haya, funzo. Usitoke nyumbani bila kunywa maji. Tena Pimbi mwenyewe, hadi uzeeni, aliwausia wanawe: mwanangu, ishi kwa kusema kweli tu, hata ikichelewa siku tatu.

Hadithi yangu imekunywa, imeshiba.
— Iache ikalale!