Matofali Matano ya Tuhfa

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut aliishi fundi mwashi aitwaye Dahman bin Rabia, mcha Mungu, ila mwepesi wa kughadhibika. Watu wa mji walimtaka ajenge birika la kutawadhia msikitini, lisipungue kulateni: dhiraa na robo kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Maji yakifika kiasi hicho, kisha najisi ikayaangukia bila kubadilisha rangi, ladha wala harufu, hubaki tohara. Yakipungua, hunajisika papo hapo.

Dahman alichimba hadi kina cha dhiraa moja, akakuta mwamba. Akaona uzito kuukata. Robo aliyoikosa chini akaiongeza kwenye urefu, akasema hesabu imetimia.

Mwaka ukapita. Siku moja panya akakutwa amekufa birikani. Maji hayakuwa yamebadilika, na imamu, Sheikh Nadhir, akahukumu: "Ni kulateni. Mtoeni, mtawadhe."

Siku ya saba baada ya hapo, Dahman akiwa nyumbani alijisifu kwa mkewe jinsi alivyoushinda ule mwamba. Mkewe, Tuhfa, alikuwa mfyatua matofali. Alipanga uani matofali mia na ishirini na tano, kila moja robo dhiraa pande zote: matano kwa matano, safu tano kwenda juu. Kisha akayapanga upya kwa umbo la birika: sita kwa matano, safu nne. Yakabaki matano.

"Baba Rayyan, haya niyaweke wapi?"

Dahman akaiva uso. "Sita na tano na nne ni kumi na tano. Tano mara tatu ni kumi na tano. Unanifundisha kazi yangu?"

"Ujazo haujumlishwi, bwana wangu. Huzidishwa: urefu kwa upana, kisha kwa kina. Lako ni mia na ishirini."

Akalipiga teke lile rundo. "Hakuna ajuaye ila mimi na wewe. Nyamaza."

"Sisi wawili tu?" akauliza Tuhfa, akainama kuyaokota.

Dahman alikaa na ghadhabu yake tangu adhuhuri. Alimkasirikia mkewe, akaukasirikia mwamba, akamkasirikia hata panya. Mwisho ghadhabu ikairudia nafsi yake, na hapo ndipo ilipompata anayeistahili. Kabla ya alasiri aliyabeba yale matano, akasimama mbele ya birika.

"Msitawadhe," akasema. "Birika hili ni pungufu, na kosa ni langu. Swala thelathini na tano tulizosali tangu panya, tuzirudie."

Watu walifoka. Mmoja alimkwida kanzu. Ghalib, mtengeneza ngozi, akamwambia, "Fundi, kajenge zizi. Mbuzi hawatawadhi." Na Dahman, ambaye jana angejibu kwa ngumi, aliyapanga yale matofali matano ukingoni mwa birika.

Sheikh Nadhir alighadhibika kuliko wote. "Niliyehukumu bila kupima ni mimi," akasema. "Anayetaka kumpiga fundi aanze na mimi."

Wakamwachia. Birika likakaushwa, na kwa siku tisa Dahman aliukata ule mwamba kwa tindo na nyundo, Tuhfa akitoa vifusi, wapita njia wakitoa matusi. Kina kilipotimia, Tuhfa alipima mwenyewe: sita kwa tano kwa tano, mia na hamsini.

Yasemwa kwamba Ghalib hakumwamkia fundi tena maisha yake yote. Lakini alitawadha katika birika lile kila siku, wala hakuuliza kina chake.

Basi, ndugu zangu katika imani, tusiiogope sana hasira ya watu waliodhulumiwa haki yao, hiyo huchoka. Tuiogope ile yetu, inayotutaka tupige teke ushahidi. Ewe Mola, tujaalie wa kutuuliza yale matano tuyaweke wapi, na utupe ulimi wa kujibu.