Kwa Nini Kivumbasi Hakinukii Mpaka Kifikichwe

Hapo kale, huko milimani, kivumbasi kilikuwa mmea wa kuzungushia ua tu. Hakikunukia. Mbuzi walikitafuna, kuku walikilalia, na mtoto alipougua hakuna aliyekikumbuka.

Dawa ya vifua vya watoto ilikuwa viganjani mwa mwanamke mmoja, Namkunda. Alizaliwa na mafuta yenye harufu kali mikononi, na hata aioshe kwa majivu, hayakutoka. Alipompaka mtoto kifuani, mtoto alipumua. Binti yake, Nakiete, alikua akilala na mkono huo shavuni. Alipoolewa ng'ambo ya bonde, harufu ile ndiyo aliyoitamani kuliko chakula chochote cha kwao.

Nakiete akajifungua. Kabla kitovu cha mtoto hakijakauka vizuri, kifua kikambana, akawa anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Namkunda alipopata habari alivuka bonde mbio, lakini alipofika kwenye ua wa vivumbasi akasimama. Mila yao ilimkataza mama kukanyaga uwanja wa mume wa binti yake. Naye mzazi na kichanga chake hawakuruhusiwa kutoka nje kabla siku za uzazi hazijaisha.

"Mama Nakiete, utaota mizizi hapo!" mama mkwe wa Nakiete alimwita kutoka mlangoni. Alitaka kumchekesha, ila mwenyewe hakucheka.

"Acha niote. Mjukuu wangu anapumua?"

"Kwa shida, mwenzangu."

Nakiete aliisikia sauti ya mama yake kutoka ndani. "Mama," aliita, "mimi nataka mikono yako tu."

Namkunda aliushika ule ua kwa viganja vyote viwili, akayafikicha majani kama anayesugua kifua cha mtoto, huku analia, mpaka vidole vikawa vya kijani.

"Chukueni mafuta yangu yote," aliyaambia majani. "Ninyi mnaruhusiwa kuingia."

Mama mkwe akayachuma, akakimbia nayo ndani. Nakiete alipoyafikicha, harufu ya mama yake ikajaa chumba kizima. Akayaweka puani kwanza, akafumba macho. Kisha akampaka mtoto. Mtoto akapiga chafya, akavuta pumzi ndefu, akalia kwa nguvu hata bibi yake akamsikia kule nje ya ua.

Namkunda alicheka peke yake, akashika njia ya kwao. Alipofika bondeni aliinusa mikono yake. Haikunukia kitu.

Na tangu siku hiyo kivumbasi hakimwagi harufu yake ovyo kwa wapita njia. Hukaa kimya mpaka mkono wa mtu ukifikiche. Na mtazame mama yeyote anayemfikichia mwanawe kivumbasi. Kabla hajampaka, atakinusa kwanza yeye mwenyewe, na macho yake atayafumba kidogo.