Mtu Aliyepakata Moto

Mtu mmoja alikuwa na miguu miwili isiyosikia. Jina lake Kundaeli, na hakuzaliwa hivyo. Alikuwa fundi wa kuezeka, akateleza juu ya paa la ghala, uti wa mgongo ukavunjika, na tangu siku hiyo kila kilichokuwa chini ya kiuno chake kikawa kama mali ya mtu mwingine. Ungemchoma sindano pajani asingejua.

Siku ya kutoka hospitali muuguzi alimpa agizo moja: miguu ikaguliwe kila jioni. Kwa kuwa yeye hatasikia, lazima awepo wa kusikia kwa niaba yake. Mkewe, Ndeshi, akaichukua kazi hiyo. Kila jua lilipoelekea kuzama alimlaza kitandani, akajipaka mafuta viganjani, akavipitisha kutoka nyonga hadi kisigino, akitafuta joto, uvimbe, mchubuko, hata kijiwe kilichonaswa ndani ya soksi. Kwa miaka minne viganja vile ndivyo vilivyokuwa maumivu ya Kundaeli, na kwa miaka minne hakupata kidonda hata kimoja.

Kisha akapata kazi. Ofisi moja ilihitaji watu wa kusikiliza sauti zilizorekodiwa za mashauri ya ardhi na kuziandika neno kwa neno. Waliajiriwa watu sita, kila mmoja akapewa kompyuta mpakato. Jina hilo ni la haki, maana hupakatwa kama mtoto mchanga. Lakini ofisi yenyewe ilikuwa ukumbi mtupu usio na meza, na zile kompyuta zilikuwa kuukuu. Zikishawaka saa moja tu, chini kunakuwa kama kikaango. Wale watano walihangaika. Huyu anahamisha kutoka paja hili kwenda lile, yule anasimama, mwingine anakunja kanga mara nne na kuiweka katikati. Siku ya tatu wakamtuma mwenzao mmoja, Zubeda, aende kwa mkuu wa ofisi akaombe meza.

Mkuu akatoka. Akawatazama mmoja mmoja, hata macho yake yakatua kwa Kundaeli, aliyekuwa akiandika bila kutikisika katika kiti chake cha magurudumu.

"Huyu ana shida kuliko ninyi nyote," akasema, "na hajalalamika. Igeni uvumilivu wake."

Kundaeli aliujua ukweli. Neno moja tu lingetosha. Lakini tangu aanguke watu walikuwa wamempa huruma tupu, na hakuna aliyekuwa amemtoa kuwa mfano kwa jambo lolote. Sifa ile ikamwingia kama maji kwenye udongo uliopasuka. Akainamisha kichwa, akaendelea kuandika. Wenzake wakarudi vitini kwa aibu, Zubeda akiwa wa mwisho kuketi, na habari za meza zikaishia hapo.

Jioni ile viganja vya Ndeshi vilisita katikati ya paja.

"Baba Nuru, hapa pana moto. Na kuna alama, kama wavu wa rangi ya kahawia. Umepakata nini?"

"Kazi."

"Basi weka hata ubao katikati."

Hakuweka. Aliona kwamba mwenye kuweka ubao amekiri kwamba moto upo. Jioni iliyofuata akasema amechoka. Iliyofuata akasema mikono ya mkewe ni baridi. Ya tatu akakasirika. "Mama Nuru, mimi si mtoto wa kupapaswa kila siku. Kule kazini natolewa mfano." Ndeshi alikuwa ameshajipaka mafuta. Akasimama kidogo pale mlangoni, kisha akajifuta mikono kwenye kitenge chake na kwenda jikoni. Hakuomba tena. Hilo nalo lilikuja kumtafuna.

Kuanzia hapo Kundaeli akawa anajivika mwenyewe na kujilaza mwenyewe, taa ikiwa imezimwa. Miezi miwili ikapita. Feni ya ndani ya kompyuta yake ilinguruma majuma kadhaa, ikakwaruza, halafu ikanyamaza kabisa, naye akaufurahia ule utulivu. Mapaja ya wenzake yalibabuka chini ya nguo, lakini nani angesema mbele ya kilema asiyesema? Zubeda aliacha kazi bila kuaga. Kundaeli akaandika kurasa nyingi kuliko wote, na picha yake ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi.

Asubuhi moja Ndeshi alikuwa akifua. Akaikuta suruali moja imekauka kwa ndani na kuwa ngumu kama ngozi iliyoanikwa, nayo ilikuwa na harufu ambayo sabuni haikuiondoa. Akaiacha kwenye beseni. Akaingia chumbani bila kubisha, akalivuta blanketi. Paja la kulia lilikuwa limekufa. Pembeni jeusi, katikati shimo, na Kundaeli analitazama kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza, kwa sababu kweli alikuwa analiona kwa mara ya kwanza.

Daktari alimuuliza lilianza kuuma lini. Akajibu kwamba halijauma.

Waliuondoa mguu wote, tangu nyonga. Homa haikushuka. Uchafu ulikuwa umekwisha kuingia katika damu, na daktari akamwita Ndeshi kando akamwambia asiende mbali.

Siku ya tatu mkuu wa ofisi alikuja wodini pamoja na wale wanne waliobaki. Akasimama miguuni pa kitanda, akavua kofia, akasema maneno mazuri. Akasema mgonjwa huyu amewafundisha watu wazima namna ya kuchukua mzigo. Akasema katika miaka yake yote hajaona mvumilivu kama huyu. Wale wanne waliitikia kwa vichwa, kama watu walio kanisani. Kundaeli alikuwa na fahamu. Macho yake yalikuwa kwa mkewe, aliyekaa upande wa pili na kushika chuma cha kitanda.

Ndeshi akainuka.

"Hakuvumilia," akasema. "Hakusikia."

Mmoja wa wale wanne alishusha mkono polepole akajishika paja juu ya suruali, akaukunja uso. Ndipo wa pili naye akajishika. Mkuu akaitazama kofia yake. Kundaeli alifungua kinywa, midomo ikatafuta neno, labda lile alilopaswa kulisema siku ya kwanza. Halikutoka. Akageuza uso ukutani.

Alikufa siku ya tano. Kompyuta yake ilifutwa vumbi, ikakabidhiwa mtu mwingine, naye akaambiwa habari za yule aliyemtangulia kuwa kielelezo cha kazi.

Nanyi mnaonisikiliza, ninyi ambao yaliyowaunguza jana leo hayawaumi tena: mmepona, au mmekufa ganzi?