Fisi na Vidonge vya Mtoto wa Pimbi

Mpooo?
"Tupooo!"
Masikio?
"Yamesimama!"

Basi wallahi naapa, naapa na tena naapa, kila neno nitakalosema ni kweli. Nilikuwepo. Nilisimama karibu na huyo Fisi, meno yake mapana kama milango ya ghala, na yeye ndiye aliyeniogopa mimi.

Fisi alikuwa na mafua. Mafua tu, jamani. Chyaa, chyaa, akipiga chafya vilima vinahama. Akasikia mtoto wa Pimbi ana nimonia, kifua khrr, khrr, na muuguzi Korongo kampa vidonge vya rangi mbili, homa imeanza kushuka. Huyo Fisi, mbio mpaka majabalini kwa Pimbi, akaipokonya pakiti.

Hivi mtu mzima huyo ana haya kweli?

"Mzee," Pimbi akasema, "hizo ni antibiotiki. Zinaua bakteria. Mafua yako ni virusi, haziyawezi."

"Kidonge ni kidonge."

"Na mtoto hajamaliza dozi."

"Si kapata nafuu? Inamtosha."

"Akiachia njiani, vijidudu vilivyobaki vinaizoea dawa. Siku vikirudi, havifi tena."

"Shauri yako, mama. Leta maji."

Pimbi akaona hapa ubishi hausaidii, na mwanawe anamwangalia. Akaleta maji, tena kwa adabu zote.

"Haya mzee, meza. Ila ukishaanza, nyama basi mpaka dozi iishe."

Kata ya maji ikasimama hewani.

"Hata maini?"

"Hata maini."

"Hata mfupa?"

"Hata mfupa."

"Hata kunusa?"

"Ukinusa tu, unaanza dozi upya."

Fisi akaitupa pakiti, pwaa. "Dawa gani hii ya mateso. Mafua yangu yataisha yenyewe."

"Ndivyo yanavyofanya, mzee."

Mtoto akameza asubuhi na jioni, asubuhi na jioni, mpaka pakiti ikawa tupu. Kifua kimya. Fisi naye mafua yakamwisha, halafu bila soni anatangaza mji mzima kwamba kaponywa na maini mabichi. Na watu wakamwamini. Wakapanga foleni buchani, foleni ya kutoka hapa mpaka kule mnakokujua. Nikikumbuka nachemka.

Basi funzo ni hili: ukitaka kumnyang'anya mgonjwa dawa yake, kwanza shiba nyama.

Chungu nimekifunika, mwiko nimeuosha. Ila nawaomba, msimsimulie mtu. Fisi mpaka leo hajajua kwamba nyama haikukatazwa.