Friza Moja, Mitaa Mitatu

Sikilizeni huku mikono ikiendelea na kazi. Jibu nitalidai mwishoni.

Palikuwa na dada watatu, wauza maziwa, kila mmoja na mtaa wake. Nyamizi, mkubwa, alijua kuacha. Kalunde, wa kati, alijua kutazama. Mwamvua, mdogo, hakujua kuogopa. Maziwa yao yaliharibika kwa joto mara nyingi, hata wakaacha kusikitika. Walimwaga, wakaosha ndoo.

Chama cha wacheza karata kikatangaza mashindano ya poka. Zawadi ni friza moja. Kiti kimoja kwa ukoo mmoja, na ndugu wanaruhusiwa kupokezana wakati wa mapumziko. Kila kiti kilipewa kete za kuwekea dau; zikikuishia, unainuka.

Nyamizi alikaa kwanza. Akipata karata mbovu, alizilaza kifudifudi na kujitoa katika mkono huo. Akipata nzuri kiasi na wengine wameshapandishiana dau, alizilaza pia.

"Mama, umekuja kulala?" wakamcheka.

"Nimekuja kukaa."

Waliocheka wakamalizana wenyewe kwa wenyewe. Kiti cha Nyamizi kilibaki na kete chache, lakini kilibaki.

Kalunde akapokea. Akamtazama Mashaka, fundi baiskeli, mwenye lundo kubwa kuliko wote. Akagundua kwamba Mashaka akiwa na karata za kweli hunyamaza. Akiwa hana, huuliza habari za nyumbani.

"Watoto hawajambo, shemeji?" Mashaka akauliza, akisukuma kete nyingi.

"Hawajambo," Kalunde akasema, akamfuata kwa kete sawa na zake, akashinda. Akaendelea hivyo mpaka lundo lake likazidi la Mashaka kidogo, na meza ikabaki na wao wawili.

Mwamvua akapokea mwisho. Akapata wafalme wawili, jozi ya nguvu. Mkono ukaenda kusukuma kete zote.

Sasa, katika ukumbi ule, kuingia kwa dau dogo kabisa bila kupandisha kuliitwa kuchechemea. Na nyuma ya Mwamvua, Kalunde alikuwa ameinuka, mguu umekufa ganzi kwa kukaa. Nyamizi akamwambia, "Chechemea tu, mdogo wangu, utafika."

Mwamvua akadhani anaambiwa yeye. Akachechemea.

Mashaka akadhani ni woga. "Nyumbani wazima?" akauliza, akasukuma kete zake zote.

"Wazima. Fungua," Mwamvua akasema, akisukuma zake zote.

Mashaka alikuwa na saba na tatu. Karata za wote zilizofunuliwa mezani hazikumsaidia, na kete zake zikaisha.

"Ameambiwa!" akalalamika. "Angesukuma zote, mimi ningelaza nikanywe chai yangu."

"Aliyeambiwa ni mwenye mguu," mwamuzi akasema, akampa Mwamvua ufunguo wa friza.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Dada watatu walisimama wakiitazama.

"Nisingelaza, msingekuta kiti," Nyamizi akasema. "Na neno ni langu."

"Neno uliuambia mguu wangu," Kalunde akasema. "Kete nilizileta mimi."

"Zilipowekwa zote mezani, aliyeziweka nani?" Mwamvua akauliza. "Dada angelaza. Wewe ungekuwa bado unatazama."

Friza haikatwi vipande. Wala maziwa hayavumilii njia ya kutoka mtaa mmoja hadi mwingine.

Wakaipakia kwenye mkokoteni, wote watatu. Mwenye mkokoteni akashika mipini, akauliza, "Haya, mama zangu, mtaa gani?"

Bado anangoja jibu, na jua linawaka. Je, ninyi mngemwambia aende wapi?